Mbegu ipi ya tumbaku ya sigaa inafaa bustani ya nyumbani hapa Uganda?

#1 Mwenye Kiunga (Mukono)
Salaam ndugu zangu. Nyuma ya nyumba yangu nina kipande cha ardhi nyekundu kinachotosha miche 30 hivi ya tumbaku, na nia yangu si kuuza bali kusokota sigaa zangu mwenyewe, yaani zile sigara nene za majani matupu zisizo na karatasi. Nimesoma majina ya mbegu mpaka yamenichanganya: Criollo 98, Corojo, Connecticut Shade, Connecticut Broadleaf, Sumatra, Little Dutch. Rafiki yangu mmoja anasisitiza niachane na hizo zote nitafute mbegu ya maduro, kwa kuwa ndiyo tamu kuliko nyingine. Huku kwetu mvua ni mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na unyevu wa ziwa hautuachi hata siku za jua. Kama ungelazimika kuchagua aina moja tu, ungechagua ipi, na kwa sababu gani?

#2 Afande Mstaafu (Arua)
Ungeanza kwa kuuliza utakausha wapi, ndipo uulize utapanda nini. West Nile tumeishi na tumbaku ya mvuke (inayokaushwa kwa joto la moto bila kuguswa na moshi) na tumbaku ya moshi tangu enzi za wazee wetu, na nilichokiona ni kwamba mkulima mwenye bani zuri, yaani banda la kukaushia, hutoa jani zuri hata kwa mbegu ya kawaida, ilhali mwenye bani bovu huharibu hata mbegu iliyotoka mbali kwa ndege. Chukua mbegu yoyote inayopatikana karibu nawe, ikaushe kwa hewa badala ya moto, ivundike vizuri, na utapata sigaa. Hayo majina ya Kihispania ni mapambo.

#3 Mama Kitalu (Masaka)
Afande, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Tumbaku ya mvuke imechaguliwa kwa vizazi vingi ili jani liwe na wanga mwingi utakaogeuka sukari, na joto la bani ndilo linalolikausha jani kabla sukari hiyo haijaisha. Ukiikausha polepole kwa hewa, jani huendelea kupumua likaitumia sukari yake lenyewe, na mwisho unabaki na kitu chembamba kisicho na harufu wala mwili. Tumbaku ya sigaa ni kinyume chake: huanza na sukari kidogo, na moshi wake hauna ile asidi ya moshi wa sigara za kawaida, ndiyo maana mtu hupata nikotini mdomoni bila kuuvuta hadi mapafuni.

Ndugu wa Mukono, mimi ningechagua Criollo 98. Mche mmoja hukupa karibu kila unachohitaji: majani ya chini ni mepesi na yanawaka kwa urahisi, ya kati yana harufu, ya juu yana nguvu na mafuta. Wakuba huyaita volado, seco na ligero. Jani kubwa la kati lisilo na tundu unaliweka kando liwe la kufunikia nje, na lililopasuka kidogo linatumika ndani. Kwa miche 30 hakuna sababu ya kuhangaika na aina tatu tofauti.

#4 Kijana wa Kawempe
Mama, asante. Hiyo mbegu ya ligero inapatikana wapi? Mimi napenda vitu vyenye nguvu.

#5 Mpenda Majani (Jinja)
Kijana, soma tena aliyoandika Mama Kitalu katika #3. Ligero haipandwi, ni majani ya juu ya mche uleule, yaliyopigwa na jua muda mrefu na kuvunwa mwisho. Ukitaka nguvu, kata ua mapema, ng'oa maotea kila yanapochipuka, na uyaache majani ya juu yakomae kabisa.

Na rafiki yake Mwenye Kiunga naye arekebishwe kwa upole. Maduro si mbegu bali ni namna ya kulitengeneza jani: linavundikwa kwa joto zaidi na kwa muda mrefu zaidi hadi liwe jeusi. Kazi hiyo inahitaji jani nene linalovumilia, kama Connecticut Broadleaf ya Marekani, San Andrés ya Mexico, au Mata Fina ya Bahia kule Brazil. Jani jembamba huchanika kabla halijafika huko. Kwa hiyo mtu akikuuzia pakiti iliyoandikwa "mbegu ya maduro," fedha zako zibaki mfukoni.

Kuhusu Connecticut Shade, jina lenyewe linakueleza. Wakulima wa Bonde la Connecticut walianza kufunika mashamba kwa vitambaa karibu mwaka 1900, wakishindana na jani laini la Sumatra lililokuwa likiwanyang'anya soko. Bila wavu wa kivuli jani huwa nene na mishipa hutokeza, na hapo umepanda kitu usichokitaka. Je, una fedha za wavu?

#6 Mzaliwa wa Kasese
Sielewi kwa nini tunazungumzia Cuba na Connecticut wakati Afrika ina jani lake linalosifiwa dunia nzima. Jani la kufunikia la Kamerun ni la Kiafrika asilia, limezoea ikweta, na halihitaji wavu wowote. Tafuta hilo, mjadala uishe.

#7 Mwalimu wa Kilimo (Hoima)
Nusu ya maneno ya #6 ni kweli, na nusu inahitaji kusahihishwa. Jani la Kamerun halitokani na mbegu asilia ya Afrika. Ni mbegu ya Sumatra iliyopelekwa mashariki mwa Kamerun wakati wa utawala wa Wafaransa, maeneo kama Batouri, na kuvuka hadi Jamhuri ya Afrika ya Kati. Tumbaku yenyewe ni mzaliwa wa Amerika popote unapoikuta. Lakini ni kweli kwamba hawatumii wavu, kwa sababu mawingu ya msimu wa mvua huchuja jua na kulifanya jani liwe jembamba bila kitambaa.

Hoja ya latitudo nayo ina uzito. Batouri iko karibu nyuzi 4 na nusu kaskazini mwa ikweta, na Arua kwa Afande iko nyuzi 3. Tofauti ni mwinuko: Batouri iko chini ya mita 700, ilhali Arua na Mukono ziko karibu mita 1,200, kwa hiyo usiku wetu ni wa baridi zaidi na jani hukomaa polepole. Ningetaka kuona Sumatra ikijaribiwa Fort Portal, ambako mawingu ya Rwenzori hayana haraka ya kuondoka.

Jambo jingine ambalo wanaoagiza mbegu kutoka nje hulisahau ni urefu wa mchana. Mwaka 1920, Garner na Allard, watafiti wa Marekani, walieleza kwa nini tumbaku ya Maryland Mammoth ilikuwa ikirefuka kupita mita 3 wakati wa kiangazi bila kutoa ua: ilikuwa ikisubiri mchana uwe mfupi. Hapa kwetu mchana ni saa 12 mwaka mzima. Aina za Mammoth zinazosifiwa huko kwao kwa majani mengi zinaweza kukutolea ua zikiwa bado fupi, ukaambulia majani machache. Sifa za mbegu zilizoandikwa kwa bustani ya Ohio kule Marekani usizisome kana kwamba ziliandikwa kwa Mukono.

#8 Afande Mstaafu (Arua)
Mwalimu umeniletea latitudo, lakini upepo je? Mvua zetu zikiisha mwezi wa kumi na moja, hewa ya Desemba hukauka kiasi kwamba nguo inakauka kabla hujamaliza kuanika nyingine. Jani la kufunikia ukilitundika katika hewa hiyo, linakauka likiwa bado kijani, na rangi hiyo haiondoki tena hata ulivundike mwaka mzima. Jirani yangu alitundika majani mazuri sana chini ya bati, na baada ya wiki moja yalikuwa kama mboga zilizokauka, yana harufu ya nyasi na yanakwaruza koo. Mbegu yake ilikuwa ya kigeni na ya bei. Narudia: bani kwanza.

#9 Mama Kitalu (Masaka)
Hapo kwenye bani Afande yuko sahihi kabisa, isipokuwa tatizo la Masaka na Mukono ni kinyume cha la Arua. Sisi jani halikauki mapema. Sisi jani linaoza. Tumbaku ya hewa inataka wiki 6 hadi 8 za kukauka polepole, katika unyevu wa asilimia 65 hadi 75 hivi, ili jani liendelee kuwa hai kiasi cha kugeuka kutoka kijani hadi manjano na kisha kahawia. Unyevu ukipanda siku nyingi mfululizo, ukungu mweupe huanzia kwenye uti wa jani, mahali palipo panene, ukashuka pembeni. Ukipita asubuhi ukasikia harufu ya chumba kilichofungwa, fungua pande zote na utenganishe majani siku hiyohiyo.

Kwa sababu hiyo mimi huangalia kalenda kabla ya kuangalia jina la mbegu. Kitalu kianze Januari, miche ihamishwe mvua za Machi zikishatulia, ili mavuno yaangukie Juni na Julai, ambapo kwetu hewa si kavu sana wala si ya mvua. Ukipanda kwa mvua za Septemba, utakausha kati ya Desemba na Februari, na kwenye jua hilo itabidi umwagie sakafu maji jioni.

Kuhusu kitalu, mbegu za tumbaku ni ndogo mno. Gramu moja huwa na zaidi ya mbegu 10,000. Usizifukie, kwa kuwa zinahitaji mwanga ili ziote. Zichanganye na mchanga mkavu au majivu laini, uzinyunyize juu ya udongo, na uweke trei ndani ya beseni ili maji yapande kutoka chini. Ukimwagilia kwa juu, matone yanazikusanya zote kona moja. Wakati wa kuvuna, usitegemee rangi peke yake: chukua ukingo wa jani la kati uukunje kwa vidole viwili. Jani lililoiva huvunjika kwa mlio mdogo na huonyesha mabaka ya manjano ukilitazama dhidi ya mwanga. Jani bichi hupinda tu kisha linarudi.

#10 Fundi Friji (Ntinda)
Nimesoma yote, na naona kila mtu anaishia kwenye kukausha, wakati sigaa nyingi za nyumbani hushindwa baada ya hapo. Kule Cuba na Jamhuri ya Dominika majani hurundikwa kwa mamia ya kilo, na rundo lenyewe hupata joto kwa uzito na unyevu wake, mpaka harufu kali ya amonia itoke. Mche mmoja uliotunzwa hutoa kama gramu 100 za jani kavu, kwa hiyo miche 30 ni kilo 3. Rundo la kilo 3 halipati joto lolote, hata ulifunike kwa blanketi la jeshi la Afande.

Suluhisho langu ni friji bovu lisilo na injini, lenye balbu, kidhibiti joto na sufuria ya maji chini. Joto likae karibu nyuzi 50 na unyevu asilimia 70 na kitu, kwa mwezi mmoja au zaidi. Umeme ukikatika nalifunga tu, kwa kuwa friji huhifadhi joto kama linavyohifadhi baridi. Mkiniuliza kuhusu mbegu, nasema jani lolote la hewa lililopita humo hulainika, na Criollo na Corojo yakishatoka humo siwezi kuyatofautisha nikiwa nimefumba macho.

#11 Mpenda Majani (Jinja)
Fundi, labda huwezi kuyatofautisha kwa sababu umeyapika yote kwa kipimo kimoja. Ligero inahitaji muda mrefu kuliko volado. Na wasio na umeme wana njia nyingine: wakulima wa Jamhuri ya Dominika hutengeneza andullo, ambapo majani hufungwa ndani ya ganda la jani la mtende wa aina fulani, yakazungushiwa kamba na kukazwa tena na tena kwa miezi. Hapa Uganda hatukosi magome ya mgomba na kamba zake. Mimi hukaza kila wiki, na jani hutoka jeusi, zito, lenye harufu ya matunda makavu. Kwa kufunikia nje halifai, ila kwa ndani ni zuri.

#12 Mpima Udongo (Mbarara)
Hakuna aliyetaja kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi, na hapo ndipo sigaa nyingi huzima katikati na mwenyewe akailaumu mbegu. Tumbaku hunyonya kloridi kwa wingi. Ikizidi asilimia 1 ya uzito wa jani kavu, uwakaji huanza kupungua, na ikifika 2 au zaidi sigaa inabidi uiwashe kila baada ya dakika chache. Mbolea nyingi za NPK madukani huchanganywa kwa potashi ya kloridi kwa sababu ni rahisi, kwa hiyo soma mfuko, utafute potashi ya salfeti. Majivu ya kuni nayo yana potashi isiyo na tatizo hilo, ila yasizidi, kwa kuwa hupunguza asidi ya udongo kupita kiasi. Hata samadi ipimwe kwa busara: ng'ombe anayepewa chumvi ya kulamba huirudisha kloridi hiyo kwenye mkojo, nayo inaishia kwenye zizi lako.

Kwa maoni yangu, Mwenye Kiunga akipanda Criollo, Sumatra au Little Dutch katika udongo wenye kloridi, zote tatu zitamzimikia. Udongo ndio unaochagua.

#13 Kijana wa Kawempe
Basi Mzaliwa wa Kasese ajitoe kwenye mashindano, maana yeye analala jirani na Ziwa Katwe, ziwa la chumvi.

#14 Mzaliwa wa Kasese
Kijana, chumvi ya Katwe iko ziwani, si kwenye shamba langu la mlimani. Wewe kwanza utafute shamba hapo Kawempe. Mwalimu, nashukuru kwa masahihisho, lakini naona hoja yangu imebaki palepale: Sumatra imeshathibitika karibu na ikweta ya Afrika, na Criollo bado.

#15 Mwalimu wa Kilimo (Hoima)
Kamerun imethibitisha hali ya hewa ya Kamerun. Lakini nakubali kwamba ni ushahidi wa karibu kuliko ule wa Connecticut.

#16 Mjukuu wa Kitgum
Marehemu bibi yangu alikuwa na tumbaku ya kiko kando ya nyumba, ikijiotea yenyewe kila mvua. Jani lake ni zito na lina nguvu ya kumlaza mtu mzima. Kwa nini tusisokote hiyo, badala ya kuagiza?

#17 Mama Kitalu (Masaka)
Mwanangu, tazama ua lake kwanza. Likiwa la waridi na lenye shingo ndefu, hiyo ni Nicotiana tabacum, jamii moja na tumbaku zote tunazozitaja hapa, na unaweza kuijaribu ndani ya sigaa kwa kiasi kidogo. Likiwa dogo, la manjano yenye ukijani, na jani lenye kikonyo wazi, hiyo ni Nicotiana rustica, ambayo nikotini yake inaweza kuwa mara kadhaa ya nyingine. Hiyo iache kwa ugoro. Na aina yoyote utakayoipanda, usivune majani yakiwa na umande bila kuvaa mikono mirefu, kwa kuwa nikotini hupenya ngozi pamoja na maji, na mtu hutapika na kuona kizunguzungu bila kuvuta hata kijiti kimoja.

#18 Mtu wa Vibali (Entebbe)
Nyongeza fupi kwa wanaotaka kuagiza. Mbegu kutoka nje zinahitaji kibali cha Wizara ya Kilimo, hapa Entebbe, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi zinakotoka. Bahasha iliyofichwa ndani ya kitabu si kibali. Tena Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21, kuuza kijiti kimojakimoja, na kuuza kupitia intaneti, kwa hiyo naomba uzi huu ubaki kwenye bustani na usigeuke soko.

#19 Mwenye Kiunga (Mukono)
Nawashukuru nyote, ingawa nimekuja na swali moja na ninaondoka na matano. Ninaelekea kupanda Criollo 98 mistari miwili na Little Dutch mstari mmoja, kwa kuwa hiyo ya pili nimesoma kwamba ni fupi, ina jani jembamba, na huko Ohio imetumika kwa muda mrefu kujaza sigaa kwa ndani. Nitaacha sentimita 60 kati ya mche na mche, na 90 kati ya mistari. Eneo lenyewe msimu uliopita lilikuwa na nyanya na nakati, hivyo udongo umeshalainika.

#20 Mpima Udongo (Mbarara)
Tafadhali usipande hapo. Nyanya, nakati, entula, viazi mviringo na tumbaku ni ukoo mmoja, na bakteria wa mnyauko pamoja na minyoo ya mizizi wanaobaki udongoni watakuwa wakikusubiri. Tafuta sehemu iliyokuwa na mahindi. Na kama unavuta sigara, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, kwa kuwa virusi vya batobato la tumbaku husafiri hata ndani ya jani lililokauka.

#21 Mpenda Majani (Jinja)
Little Dutch ni chaguo zuri, ila ukitaka kuhifadhi mbegu, funika kichwa cha ua kwa mfuko wa kitambaa chepesi kabla halijafunguka. Tumbaku hujichavusha yenyewe kwa kawaida, lakini nyuki hawasomi vibao vyako, na Criollo ikiwa mita moja pembeni utapata mchanganyiko. Hata hivyo bado nasema ungepanda Broadleaf. Jani moja lake linafunika sigaa mbili, na unavuna kwa kukata shina zima badala ya kuzunguka kila wiki.

#22 Afande Mstaafu (Arua)
Mwenye Kiunga, panda unavyotaka, ila uniruhusu nikuletee miche mitano ya mbegu yetu ya huku. Ikae udongo uleule, itundikwe bani lilelile, ipite katika friji la Fundi, kisha Mama Kitalu avute akiwa hajaambiwa ipi ni ipi.

#23 Mama Kitalu (Masaka)
Nakubali, kwa sharti kwamba yako isivunwe siku moja na Criollo. Kila moja ivunwe ikiiva yenyewe.

#24 Fundi Friji (Ntinda)
Zikivunwa siku tofauti, zitakauka katika hewa tofauti, na hapo mtakuwa mmelipima bani badala ya mbegu. Friji langu lipo, lakini balbu mnunue ninyi.